Jinsi ya kuanzisha jumuiya ya watumia maji kijijini na isife: mwongozo kutoka bonde la Lukuledi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, na nyie wengine mnaosoma mkiwa mbali, hii naiandika kwa sababu kila baada ya muda napigiwa simu na mtu wa kijiji fulani, ananiuliza nyie wenzetu mlianzaje, na mambo yenyewe ni marefu hayaelezeki kwenye simu. Mi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye kijiji kimoja huku bondeni Lukuledi, upande wa Lindi, kusini mwa Tanzania, mwaka wa saba sasa. Tumekosea sana, tumerekebisha, na bado tunarekebisha.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaanza. Semina tulipata, posho tulilipwa, kalamu na daftari tukapewa, tukarudi nyumbani na miti ya kwenye chemchemi ikaendelea kukatwa vilevile. Watu walianza kujali siku walipoanza kuyapima maji kwa mikono yao wenyewe, wakaona kwa macho yanavyopungua, na wakaanza kuzisoma hesabu wenyewe. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinazunguka hapohapo, kupima na kusomeana.

Kwanza jua unaongea na nani. Maji yote Tanzania Bara ni mali ya umma, sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji namba 11 ya mwaka 2009 ndo inavyosema, na nchi imegawanywa mabonde 9, sisi tuko bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, bodi yake ina ofisi Mtwara. Bodi ya bonde inashughulika na chanzo: mto, chemchemi, maji ya ardhini, nani anachota kiasi gani, vibali. RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini, iliyokuja na sheria namba 5 ya 2019, inashughulika na huduma ya kukufikishia maji kijijini: kisima, tanki, bomba, na kile chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ambacho watu wanakiita CBWSO. Jumuiya ya watumia maji ninayoiongelea mimi ni ile ya upande wa chanzo. Watu wengi wanachanganya hizi mbili, wanaenda kulalamikia bomba kwenye ofisi ya bonde, wanazungushwa siku nzima na nauli imeshaenda. Shika tofauti hiyo mapema, itakuokoa.

Hatua ya kwanza: nenda chanzoni saa kumi alfajiri

Usianze na mkutano. Anza na kukaa pale maji yanapochotwa, alfajiri, siku tatu nne mfululizo, bila daftari siku ya kwanza. Salimia, shikamoo kwa wakubwa, omba ndoo na wewe uchote, upange foleni kama wengine. Mwanaume ukienda mwenyewe watu watakushangaa, nenda na mama yako au dada yako.

Mi nilienda na shangazi yangu. Chemchemi yetu ina macho mawili, moja kubwa la wazi na jingine dogo limejificha chini ya mizizi ya mkuyu. Kuna mama mmoja wa makamo alikuwa anainama na kata yake kwenye lile jicho dogo wakati wengine wote wamejazana kwenye kubwa, nikamuuliza mama mbona huku, akaniambia mwanangu, hili kubwa likianza kutoa mchanga kwenye kata ujue wiki mbili zijazo halijazi ndoo, hili dogo ndo mama mwenye nyumba. Akachota, akamimina kwenye kiganja changu nione, mchanga mwembamba wa njano kama unga wa sembe uliochekechwa. Tarehe 9 Septemba hiyo. Kufikia tarehe 25 jicho kubwa lilikuwa limebaki unyevu tu. Hakuna mtaalamu aliyekuwa anakijua kitu kile, na yule mama hakuwahi kualikwa kwenye mkutano wowote wa maji maisha yake yote.

Kwa hiyo kwenye hizo siku unatafuta watu wa namna hiyo. Wanaojua maji yanatoka wapi mwezi gani, wanaojua zamani mto ulikuwa unapita wapi, mzee anayejua ule msitu wa matambiko ulikuwa unaishia mti gani. Andika majina yao pembeni, hao ndo watakuwa walimu wako.

Hatua ya pili: pimeni

Hapa ndo pa kukaa napo sana, maana vijiji vingi vinaparuka. Vifaa ni ndoo ya lita 20, kipande cha bomba, udongo wa mfinyanzi na simu yenye saa. Unaziba pale maji yanapotokea kwa udongo, unapitisha bomba, ukihakikisha hakuna maji yanayopenya pembeni, unaacha yatulie kidogo halafu unakinga ndoo na unahesabu sekunde mpaka ijae. Rudia mara tatu, chukua wastani. Fanya alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota, ndoo ileile, sehemu ileile, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Ikiwezekana mpimaji awe yuleyule na pembeni yake mwanafunzi anajifunza.

Sisi mwezi wa Mei ndoo ilijaa kwa sekunde 25. Oktoba ilichukua sekunde 80. Sasa piga hesabu na watu, palepale, kwa kijiti chini kwenye vumbi. Sekunde 80 kwa lita 20 ni lita 900 kwa saa, ni lita 21,600 kwa siku nzima usiku na mchana. Sera ya maji ya 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kisizidi watu 250. Sisi na vitongoji vinavyotumia chemchemi ile tulikuwa watu kama 1,300, maana yake tunahitaji lita 32,500. Mei tunazo mara mbili na zaidi, Oktoba hazitoshi. Watu walinyamaza kwanza. Halafu mzee mmoja akasema sasa na yale yanayotiririka usiku tumelala yanaenda wapi, tukapiga tena, usiku wa masaa kumi ni lita 9,000 zinapotea bondeni. Tulikuwa tunaomba kisima kipya miaka yote, siku ile tukabadilisha ombi, tukaomba tanki la kukusanya maji ya usiku, na barua yetu ilikuwa na namba za miezi sita zimeandikwa kwa mkono. Ofisini walituuliza nani kawapimia.

Kwa wenye visima vya kuchimba kwa mkono, chukua kamba ya katani, funga fundo kila nusu mita, funga jiwe mwisho, shusha taratibu ndani ya karavati mpaka jiwe liguse maji, hesabu mafundo kutoka mdomoni. Andika. Kila mwezi hivyohivyo. Na mvua pia pimeni, kopo lenye kuta zilizonyooka lisimame wazi mbali na miti na rula ya shule, milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Shule ya msingi wanaweza kazi hii vizuri kabisa na watoto wanaipenda, mradi kuna mwalimu mmoja anayeisimamia hata wakati wa likizo.

Matokeo yaandikwe kwa chokaa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, tarakimu kubwa. Hili usilifanyie uvivu.

Hatua ya tatu: choreni bonde chini kwenye mchanga

Kabla ya mkutano mkuu kaeni kikundi cha watu kumi na tano hivi, wale uliowapata chanzoni, na mchore bonde lenu chini. Majivu ndo mto, kokoto ndo nyumba, majani ya mkorosho ndo mashamba ya korosho, pumba ndo mashamba mapya ya ufuta. Waache wanawake wachore wa kwanza, wanaume wakianza wanawake hawashiki tena kijiti, nimeliona hilo zaidi ya mara tatu.

Kwetu ramani ile ndo ilionyesha kwamba shida haiko pale chini tunapochota. Juu ya chemchemi, kwenye mwinuko, msitu ulikuwa umefyekwa kwa ajili ya ufuta misimu mitatu mfululizo, mvua ikinyesha maji yanateremka juujuu na udongo badala ya kuzama ardhini. Na waliofyeka walikuwepo palepale kwenye kikundi, wawili kati yao, wakaweka pumba wenyewe kwa mikono yao. Hakuna aliyewanyooshea kidole. Tuliwaacha waongee, wakasema shamba la chini limechoka na bei ya ufuta ndo inayolipa ada za watoto. Ni kweli inalipa, kwa hiyo mkitaka mtu aachie sehemu ya mwinuko lazima muongee naye kuhusu shamba lake la chini litarudishwaje, mbolea ya samadi, makingamaji, mbaazi za kuchanganya. Ukimpiga faini tu atafyeka usiku.

Hatua ya nne: mkutano, na siku yake

Watu wa kusini tunaishi kwa kalenda ya mikorosho, ukipanga mkutano bila kuiangalia utakaa na mwenyekiti na mtendaji peke yenu. Kuanzia Juni mpaka Agosti watu wako mashambani wanapulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, asubuhi na mapema kabla ya upepo. Oktoba mpaka Desemba wanaokota, wanapeleka ghalani, wanasubiri mnada. Mvua zikianza Novemba Desemba wanapanda. Kwetu muda mzuri ni Mei baada ya mvua, na tena Septemba maji yakiwa yamepungua, kwa sababu mtu akiwa na kiu anaongelea maji kwa moyo. Usipange Ijumaa mchana, na kukiwa na msiba ahirisha, usibishane.

Fanya mikutano midogo ya vitongoji kwanza, na mmoja wa wanawake peke yao, halafu ndo mkutano mkuu wa kijiji ambao kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuingia. Kwenye mkutano mkuu usisome taarifa ya kurasa. Beba ndoo, beba ile kamba yenye mafundo, yule mama wa jicho dogo asimame aeleze. Sisi alipomaliza kuongea hakuna aliyeuliza kama maji yanapungua kweli.

Wafugaji waiteni. Huku kwetu, hasa Kilwa, Liwale, Nachingwea, wenzetu wafugaji waliongezeka tangu miaka ya 2006 na 2007, na mpaka leo kuna vijiji vinaendesha kamati ya maji kama vile hawapo, halafu kiangazi ng'ombe wakiingia mtoni panatokea mapanga. Mwenzio hajaitwa kwenye kikao, makubaliano ya kikao hicho atayajuaje? Sisi tulikubaliana nao njia moja ya kupitisha mifugo na birika la kunyweshea lililoko chini ya pale tunapochota, wao wakatoa vijana na hela ya saruji. Ilituchukua vikao vinne na matusi yalikuwepo.

Hatua ya tano: kamati, katiba na mpaka

Sheria inaruhusu wengi wa watumiaji wa chanzo kimoja wakikubaliana waunde jumuiya ya kusimamia, kugawana na kutunza maji, kutatua migogoro yao wenyewe, hata kukusanya ada za matumizi ya maji kwa niaba ya bodi ya bonde. Andikeni katiba fupi kwa Kiswahili cha kawaida, isomwe yote kwa sauti kwenye mkutano, kipengele kisichoeleweka kiandikwe upya palepale. Halafu mpeleke bodi ya bonde kwa usajili. Matumizi ya nyumbani hayahitaji kibali, ila kama mna bustani kubwa ya kumwagilia au mashine ya kuvuta maji mtoni mtaulizwa kibali, ombeni mapema.

Kwenye kamati chagueni kwa kitongoji, wa juu ya mto na wa chini ya mto wote wawemo. Wanawake wasiwe wajumbe tu wa kupika chai, wapewe uweka hazina au uenyekiti. Kwa mila zetu Wamwera, Wamakonde, Wamakua, ukoo unahesabiwa upande wa mama tangu zamani, sasa inakuwaje mama huyohuyo kwenye maji anakaa nyuma?

Mpaka: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo. Pimeni kwa kamba mkiwa wote na wenye mashamba, wekeni alama za mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, pandeni mikuyu na miti ya asili, mikaratusi msiiweke karibu na chemchemi kabisa inakunywa mno. Halafu pelekeni sheria ndogo kupitia halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe, la sivyo faini zenu hazina nguvu. Kwenye sheria ndogo yetu kuna kifungu ambacho nakipenda kuliko vyote, marufuku kuosha pampu za kupulizia mikorosho mtoni au kisimani, na makopo ya viuatilifu yasitupwe bondeni. Kabla yake ilikuwa kila Julai jioni vijana wanashuka na mashine mgongoni, wanazisuuza pale pale dada zao wanapochota asubuhi.

Hatua ya sita: hela

Mwaka wetu wa pili tulianguka hapa. Mweka hazina wetu alikuwa mtu mwema kweli, hela za michango alikuwa anaziweka nyumbani kwenye sanduku, mtoto wake akaugua, akachukua kidogo akidhani atarudisha korosho zikiuzwa. Septemba pampu ya kisima cha pili ikafa, raba za ndani zimekwisha, tunaenda kuchukua hela hakuna. Wiki tano wanawake walitembea mpaka mtoni. Yeye alilia mbele ya mkutano, na mimi katibu nilijisikia vibaya kuliko yeye, kwa sababu miezi saba sikuwahi kumwomba anionyeshe daftari, nilikuwa naona aibu, ni mkubwa kwangu.

Tangu hapo: hela haikai nyumbani kwa mtu yeyote. Akaunti ina watia saini watatu wa vitongoji tofauti. Kuna kaunta buku mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa mtu ambaye hayumo kwenye kamati, zinalinganishwa kila mwisho wa mwezi. Risiti kwa kila mtu hata aliyetoa jero, shilingi mia tano. Na kila miezi mitatu mapato na matumizi yanasomwa kwa sauti mkutanoni, mstari kwa mstari, raba shilingi ngapi, nauli ya nani kwenda wapi.

Watu wakikwambia wanakijiji hawaelewi hesabu usikubali. Mkulima wa korosho anajua kilo zake alizopeleka AMCOS, chama cha ushirika, anajua bei ya mnada, anajua makato yote, akipunjwa shilingi kumi kwa kilo atakesha ofisini. Akili hiyohiyo ilete kwenye maji, mpe karatasi ayaone makato. Na michango kusanyeni hela ikiwepo, Julai ufuta ukilipwa na Novemba Desemba korosho zikilipwa, mtu atoe ya mwaka mzima. Kumdai mtu Machi, kwenye njaa ya masika, ni kumfanya akuchukie. Wajane, wazee wasio na mtu na wagonjwa wa muda mrefu tajeni mapema mkutanoni nani hatozwi, ili isionekane upendeleo.

Hatua ya saba: ufundi ubaki kijijini

Wazee wetu wanazikumbuka pampu za mkono zilizofungwa kwa wingi Mtwara na Lindi enzi za mradi wa Finland, kuanzia miaka ya 1970. Kuna vijiji zilidumu miaka mingi na kuna vijiji zilikufa mapema, na ukiulizia sana unakuta palipodumu palikuwa na mtu anayejua kuifungua na anayejua spea zinapatikana wapi. Chagueni wanne, wawili wasichana walioolewa hapohapo au wenye biashara hapohapo, kwa sababu kijana wa kiume ukimfundisha leo kesho yuko Dar. Wafungue pampu nzima wakiwa wenyewe, fundi anaangalia tu mikono nyuma. Wasipoifungua wenyewe hamjafundisha. Seti moja ya raba na boli ikae kijijini muda wote.

Ubora wa maji nao, pelekeni sampuli maabara ya maji Mtwara mjini walau mara moja kwa mwaka, ulizeni kwanza chupa inaandaliwaje na inatakiwa ifike baada ya saa ngapi.

Kwa wenzetu wa Newala, Tandahimba na pwani

Mkiwa juu nyanda za Makonde hamna mto wala chemchemi ya kukaa alfajiri, maji mengi yanapandishwa kutoka Mitema kule Kitangari, na mengine ni ya mvua. Nyie pimeni paa. Bati la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48, mvua ya milimita 900 inaleta lita 43,200, toa sehemu ya tano inayopotea unabaki na lita 34,500 hivi. Kamati yenu isimamie visima vya chini vya zege vya kuvunia mvua, mifereji isafishwe Oktoba, mvua ya kwanza imwagwe isiingie kisimani, ufa uzibwe kabla ya Novemba.

Mkiwa pwani, Mikindani, Lindi mjini pembezoni, Kilwa, hatari yenu ni chumvi. Mkivuta sana kwenye kisima karibu na bahari maji ya chumvi yanasogea. Yule mama anayeonja ndo kipimo cha kwanza, ladha ikibadilika andikeni tarehe, punguzeni saa za kuvuta, toeni taarifa ofisi ya bonde na majirani mapema, maana kisima cha jirani yako kinakunywa chungu hichohicho.

Mkianza mwezi huu, mnahitaji ndoo moja, kipande cha bomba na kaunta buku. Jumamosi ya kwanza inayokuja, saa kumi alfajiri, pimeni, andikeni sekunde na jina la aliyepima, na ukurasa unaofuata uachwe wazi kwa mwezi ujao.